Nywele za Kumpokea Mgeni

Jumatatu asubuhi gari la matangazo lilipita Kasulu mjini likitema vumbi na amri. Saluni zote, za kike na za kiume, na vibanda vyote vya mbao kando ya barabara kuu, vifungwe kuanzia saa sita mchana mpaka mgeni atakapoondoka Jumamosi. Vibanda vinaharibu sura ya mji. Atakayekaidi asimlaumu mtu. Halafu likapiga muziki wa kwaya, likashika njia ya stendi.

Watu hawakuuliza mgeni ni nani. Kasulu tumepokea wageni mpaka tumechoka kupiga makofi. Yupo yule wa mwaka walipopaka chokaa mpaka visiki. Yupo yule wa zahanati, aliyekata utepe saa saba, na kabla jua halijatua vitanda vikawa vimerudishwa vilikoazimwa. Yupo aliyetuahidi lami, tukamchinjia mbuzi, na vumbi la lami hiyo bado tunalipangusa kwenye sufuria. Huyu wa mwezi wa nane, mwaka 2013, alikuwa anakuja kuzindua maji.

Katika ofisi moja ya serikali, ambayo siitaji kwa sababu zote zinafanana, Generosa alikuwa anapanga vikombe aliposikia anaitwa. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na sita. Kwa miaka tisa alikuwa amechemsha chai ya ofisi hiyo, amefagia, amefuta meza za wakubwa watano waliokuja na kuondoka, na kila miezi mitatu alisaini upya karatasi ya kibarua kama mtu aliyeanza kazi jana.

"Funga mlango," alisema Bwana Nicodemus, afisa utumishi. Aliletwa Kasulu kutoka mkoa wa mbali, na kwa miaka miwili aliyokaa alikuwa bado anauliza basi la kuondoka huku linapita siku gani. "Generosa, wewe ndiye utakayebeba mkasi."

"Mkasi gani, bosi?"

"Wa kukatia utepe. Sinia, kitambaa cheupe, mkasi juu yake. Mgeni akisimama, unapiga goti kidogo. Kidogo! Si kama uko kwa babu yako. Unamsogezea, anachukua, unarudi nyuma. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na hii hapa," akagonga faili kwa kalamu, "ni barua yako ya ajira ya kudumu. Imeshachapwa. Inasubiri saini yangu, na saini yangu inasubiri Jumamosi ipite vizuri."

Generosa aliliangalia lile faili kama mtu anavyoangalia mtoto wake aliyebebwa na mtu mwingine. Miaka tisa.

"Sasa hizo nywele," Nicodemus akasema. Generosa alikuwa amesuka mistari ya kurudi nyuma, ile ya nusu saa iitwayo twende kilioni, ambayo kila mwanamke hujua kuisuka. "Mgeni wa kitaifa unampokea na twende kilioni? Hapa kuna kilio? Nataka nywele zilale. Kama za Zena."

Zena alikuwa karani wa masijala, na nywele zake zilitoka Dar es Salaam ndani ya pakiti.

"Saluni mmezifunga, bosi."

"Tumefunga saluni," alisema Nicodemus, akijiandaa kufungua gazeti. "Hatujafunga vichwa. Jipange."

*

Venanti, mume wa Generosa, alikuwa fundi baiskeli, na alikuwa na tabia ya kula furaha ikiwa bado mbichi. Mpaka jioni ya Jumatatu hiyo alikuwa ameshawaambia watu sita kwamba mkewe ni mtumishi wa serikali.

"Mama Reverien," alimwambia mkewe, akijifuta grisi mikononi, "kwani nywele ni kitu gani? Tia maji, chana, zilale."

"Zako zimewahi kulala?"

"Mimi sibebi mkasi."

"Basi nyamaza."

Waliyemtegemea alikuwa Zuhra, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, msusi mwenye kibanda karibu na soko. Lakini Zuhra naye alikuwa amekaa kizingitini kwake mikono mitupu, kanga imemteleza kichwani, anaongea peke yake kwa hasira.

"Walisema saa sita, shoga. Mgambo wamekuja saa tano na nusu. Wamepiga kufuli lao juu ya kufuli langu. Dawa imo ndani, shampuu imo ndani, chanuo la moto limo ndani, glavu zimo ndani. Nikamwambia yule mgambo, kaka yangu, niachie nitoe draya tu. Anajibu nini? Eti, 'Amri haina draya.'"

"Na Jumamosi ninatakiwa niwe na nywele zilizolala," alisema Generosa.

Zuhra alimtazama kwanza kama mtu asiyesikia vizuri, kisha akacheka kicheko kikavu. "Nani kakwambia?"

"Haohao."

"Walionifungia?"

"Haohao, Zuhra."

"Yarabi! Mtu akufunge mdomo, halafu akuambie imba!"

Walifikiri siku tatu. Kwenda Kibondo, ambako saluni zilikuwa wazi, kulimaanisha kuomba ruhusa ya siku nzima, na Nicodemus alishasema wiki hiyo hata mgonjwa hana ruhusa. Kuazima wigi, Zuhra alikataa: upepo wa mwezi wa nane ungeivua mbele ya umati, na aibu hiyo ingetambaa mpaka Kakonko. Ikabaki dawa ya kulainisha nywele. Alhamisi jioni Generosa alilikuta kopo la mwisho dukani kwa Abdalah, limesukumwa nyuma ya viberiti, kifuniko kimejaa vumbi, na limeandikwa kuwa ni ile ya nguvu.

"Mbona tarehe imefutika?" aliuliza.

"Tarehe ya nini, mama?" alisema Abdalah bila kuinua uso. "Kwani hayo ni maziwa?"

Usiku huo alifumua mistari yake. Zuhra alikuwa amemwonya mara mbili: kichwa kinachosubiri dawa hakioshwi wala hakikunwi, dawa isije ikaunguza ngozi. Lakini Generosa alilelewa na wanawake ambao kwao kumkabidhi mwenzako kichwa chenye vumbi la barabara ya Kasulu ni sawa na kumpokea mgeni kwenye uwanja usiofagiwa. Ataanzaje kumpa Zuhra uchafu ule aushike? Akachukua kipande cha sabuni ya mawese, akasugua. Akachukua kitana, akakuna mpaka ngozi ikaamka. Akalala na kichwa safi, ameridhika.

*

Ijumaa, ofisi iliwaachia wafanyakazi saa saba ili wakajiandae. Saa tisa Generosa alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, karibu na pipa la kulowekea mihogo. Zuhra alivaa mifuko miwili ya nailoni mikononi badala ya glavu, akampaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kwenye paji la uso na nyuma ya masikio badala ya mafuta yake ya saluni. Ndoo ya maji ilikuwa nusu. Venanti alitumwa kioski cha maji na madumu mawili.

"Hukukuna kichwa?" Zuhra aliuliza.

"Sikukuna."

"Hukuosha?"

"Kwani kinanuka?"

"Nimekuuliza swali."

"Sikuosha, Zuhra. Paka."

Zuhra akapaka. Dawa ilikuwa nyeupe, nzito, na harufu yake ilifukuza kuku. "Saluni nampa mtu robo saa. Hili kopo silijui, nakupa dakika kumi. Ikichoma, sema. Usijifanye askari."

Ilianza kuchoma dakika ya tatu. Generosa aliuma pindo la kitenge. Alifikiria faili juu ya meza, na jina lake lililochapwa kwa mashine. Miaka tisa alivumilia kuitwa "wewe wa chai". Angeshindwa kuvumilia dakika saba? Dakika ya tano machozi yalimtoka yenyewe. Dakika ya saba alisimama, kigoda kikaanguka.

"Toa! Zuhra, toa!"

"Si nilikwambia useme! Inama!"

Nusu ndoo ilimwagika mara moja, na kazi iliyofanya ni kuishusha tu dawa shingoni. "Maji!" Zuhra alipiga kelele. "Baba Reverien! Maji!"

Venanti alitokea kwenye kona ya nyumba anakimbia. Madumu yalikuwa yanagongana, na kwa mlio ule tu wanawake wote wawili walijua hayana kitu.

"Wamefunga," alisema akihema. "Koki za vioski vyote. Wanajaza tangi."

"Tangi gani?"

"La mgeni. Wanasema maji yasipotoka kwa nguvu kesho itakuwa aibu."

Tuliomsikia tulikimbilia majumbani kutafuta. Kwa jirani wa kulia hakukuwa na maji. Kwa jirani wa kushoto kulikuwa na birika la chai ya rangi, likaletwa, likamiminwa pamoja na majani yake. Generosa alikuwa anazunguka uwanja ameshika kichwa, anaita mama yake aliyekwisha kufa: "Mawe! Mawe weee!" Ndipo Zuhra alipomkamata shingo kama mbuzi, akamsukuma mpaka kwenye pipa, akamzamisha kichwa chote ndani ya maji ya mihogo, yale maji meupe yaliyokaa siku nne, yanayonuka uchachu mpaka barabarani. Akamtoa akapumua. Akamzamisha tena. Mara saba.

Maji hayo yaliyooza yalimwokoa ngozi. Maji safi yalikuwa kilimani, ndani ya tangi lililopakwa rangi ya bluu, yanasubiri hotuba.

Nywele hazikuokoka. Zuhra alipopitisha kidole, zilikuja nacho, fungu baada ya fungu, laini na zimelala kweli kama Bwana Nicodemus alivyotaka. Nyuma ya sikio la kushoto ngozi ilichubuka, ikawa nyekundu. Zuhra alilia. Generosa hakulia tena.

"Chukua wembe," alisema. "Maliza."

*

Huku kwetu mwanamke hanyoi kipara kwa kupenda. Akinyoa, kuna aliyezikwa. Mtu hapiti mbele ya mwanamke aliyenyoa bila kusimama. Atasema pole, atauliza ni nani, ataguna, ndipo aendelee na safari yake. Hata mlevi hujua hilo.

Venanti aliliwaza jambo hilo usiku kucha, na kabla ya jogoo akawa ametunga hila yake.

"Tunasema ni msiba," alinong'ona.

"Msiba wa nani?"

"Mama yako..."

"Mama yangu alikufa mwaka juzi. Ofisi ilichanga, na Zena ndiye aliyeandika majina."

Venanti alifikiri tena. "Basi mama yangu."

Generosa aligeuka kumtazama. Bi Immakulata, mama yake Venanti, alikuwa Kibondo, mzima, analima, anapura maharage, na anagombana na majirani kwa sauti ya kutosha kata mbili.

"Utamuua mama yako kwa ajili ya barua?"

"Kwa siku moja tu! Wewe hutasema chochote. Kunyamaza si kusema uongo."

"Lala, Venanti," alisema mkewe. Alipomwita kwa jina lake tupu, ilikuwa dalili mbaya.

Hakulala. Alfajiri alipanda baiskeli, akamfuata Bwana Nicodemus mpaka getini kwake, akavua kofia, akamuua mama yake.

Generosa alipofika ofisini saa mbili, amejifunga kitenge kichwani na ameazimia kueleza ukweli, alikuta mikono ya watu inamsubiri. Zena alimkumbatia kabla hajafungua mdomo. "Pole shoga, pole sana. Tumesikia. Mama mkwe ni mama." Dereva akampa pole. Mhasibu akampa pole. Bahasha ya rambirambi ilikuwa imeshazunguka na ikatiwa mkononi mwake. Kitenge kililegea, wakaona kipara, wakaguna wote kwa pamoja.

"Sikilizeni," alianza Generosa.

"Usiseme kitu," alisema Nicodemus, akitoka ofisini mwake na suti mpya. "Umenitia hasara, lakini kifo hakina adabu, hakiangalii ratiba. Mkasi atabeba Zena. Mfiwa hashiki mkasi mbele ya mgeni, ni nuksi." Akashusha sauti. "Barua nimeisaini. Usinione mtu mbaya. Jumatatu utaichukua. Na jioni, mgeni akishaondoka, gari litaenda Kibondo na wawakilishi wetu. Tutazika wote."

Imesainiwa. Alisimama na bahasha mkononi, na ukweli aliotoka nao nyumbani ukaanza kurudi tumboni polepole, kwa aibu, kama mtu aliyekosea mlango.

Alimkuta Venanti amejibanza nyuma ya uzio wa ofisi, simu sikioni, jasho linamtoka.

"Mama, leo usitoke nje," alikuwa anasema. "Jioni litakuja gari. Likija, lala ndani, ujifunike."

Bi Immakulata aliongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Generosa alimsikia kila neno. "Nilale mchana nina ugonjwa gani? Maharage yangu yako juani!"

"Umefariki, mama. Kidogo tu. Mpaka wageni waondoke."

"Nani kaniua?"

"Ni mimi, mama. Ni kwa ajili ya kazi ya mama Reverien."

"Yemwe! Nipe huyo mkwe wangu."

Generosa aliichukua simu.

"Mwanangu," ilisema ile sauti, sasa taratibu. "Mimi nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi waambie. Mimi nina maharage ya kupura." Na simu ikakatwa.

*

Mgeni aliyetazamiwa saa nne alifika saa kumi, kama wageni wote wanaojua thamani yao. Wanafunzi waliosimamishwa juani walikuwa wameanza kuanguka mmoja mmoja. Kwaya iliimba wimbo uleule kwa mara ya kumi na tatu. Zena alipiga goti, mkasi ukachukuliwa, utepe ukakatika, bomba likafunguliwa, na maji ya siku nzima ya mji mzima yakaruka kwa nguvu mpaka yakalowesha viatu vya waliosimama mbele. Makofi. Vigelegele. Mama mmoja mwenye dumu alijaribu kusogea, mgambo akamrudisha kwa fimbo. Maji hayo yalikuwa ya kuonwa.

Hapo ndipo Bwana Nicodemus alipopata wazo, na mawazo ya mtu wa aina yake ni hatari kuliko amri zake. Alikuwa amemkalisha Generosa mstari wa mbele, ili mgeni aone jinsi ofisi inavyojali watumishi. Mgeni alipokuwa anapita akishika mikono, Nicodemus alimsimamisha.

"Mheshimiwa, huyu mtumishi wetu amefiwa na mama mkwe jana tu. Tukamwambia apumzike. Akakataa. Akasema, kwanza maji ya wananchi."

Mgeni aliguna kwa heshima. Akaushika mkono wa Generosa kwa mikono yake miwili, laini kama unga uliochekechwa. Mpiga picha akasogea. "Pole sana, mama. Huu ndio uzalendo. Marehemu alikuwa anasumbuliwa na nini?"

Generosa aliona mambo mawili kwa wakati mmoja: barua yenye saini, ndani ya faili, mita mia mbili kutoka pale, na Bi Immakulata, amekaa Kibondo miguu ameinyoosha mbele ya maharage yake, anasubiri kufufuliwa. Alimwona na Venanti pia, nyuma ya umati, anamtikisia kichwa: usiseme, usiseme.

"Hakufa mtu, mheshimiwa," alisema.

"Samahani?"

"Hakufa mtu. Mama mkwe wangu ni mzima. Niliambiwa nilaze nywele ili nikubebee mkasi, na saluni zimefungwa kwa ajili yako. Nikaweka dawa nyumbani. Ikaniunguza, nikakosa maji ya kusuuza. Maji yalifungwa ili wewe uyafungue." Alivua kitenge. Kipara kilikuwa na mabaka, na nyuma ya sikio kidonda kiling'aa kwa mafuta. "Kichwa hiki kimeoshwa kwa maji ya mihogo."

Watu wa mstari wa mbele walisikia. Wa mstari wa pili waliambiwa. Kicheko kimoja kilichomoka mahali fulani nyuma, kikazimwa.

"Ni uchungu, mheshimiwa," alisema Nicodemus haraka. "Msiba umemchanganya."

Mgeni alikitazama kile kidonda, na kwa muda wa pumzi moja alionekana kama mtu mwenye mama. Kisha akamgeukia Nicodemus. "Maji yalifungwa kweli?"

"Yalikuwa kwenye majaribio, mheshimiwa."

"Aa. Majaribio." Mgeni akatikisa kichwa, akakumbuka ratiba. "Mpeni mama huyu maji."

Wakampa chupa ya nusu lita, ya dukani. Mgeni akapita.

Generosa alimkabidhi Zena bahasha ya rambirambi. "Warudishie wenyewe. Aliyekufa anapura maharage."

*

Jumatatu hakukuwa na barua ile. Kulikuwa na nyingine, fupi, na Bwana Nicodemus aliisoma kwa sauti, kwa raha ya mtu anayesoma kitu alichoandika mwenyewe: kibarua kimesitishwa kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo ya msiba.

"Taarifa aliitoa nani?" aliuliza Generosa.

"Mumeo."

"Basi mfukuze mume wangu. Mimi ndiye niliyesema hakufa mtu."

"Usinichezee, Generosa. Saini hapa uondoke. Ungenyamaza, sasa hivi ungekuwa mtumishi wa serikali. Mdomo wako ndio uliokufukuza."

"Ningenyamaza, ungeniajiri kwa uongo. Nimesema ukweli, unanifukuza kwa uongo. Kwa hiyo kinachotakiwa hapa ni nini?"

Nicodemus alimwonyesha mlango. Generosa hakusaini. Alitoka bila kujifunga kitenge. Alikikunja, akakiweka begani.

Getini alikutana na mwalimu mmoja mwanamke, mgeni mjini, anafuatilia uhamisho. Mwalimu alisimama. "Pole, mama. Nani?"

Generosa alikuwa ameshafungua mdomo aseme asante na apite. Akasita. Akamtazama yule mwanamke aliyesimama kwa sababu mila ilimsimamisha, na ambaye hangeweza kuondoka mpaka ajibiwe.

"Hakufa mtu," alisema. "Njoo hapa kivulini, nikueleze."

Akamweleza: amri, kufuli, kopo, koki, tangi, bahasha, barua. Alitaja majina. Mwalimu aliguna pale panapogunwa. Kabla hajamaliza, wengine watatu walikuwa wamesimama.

Kuanzia siku hiyo alipita sokoni kichwa wazi. Alipita stendi, ambako mabasi ya Kibondo na Kigoma hupakia watu wanaopenda habari ya njiani. Alikaa kwenye foleni ya kisima, kwa maana siku ya Jumanne mabomba ya mgeni yalikohoa upepo. Pampu ilikuwa ya kukodi, na mwenyewe alikuja kuichukua. Kila mahali ulikuwa mwendo uleule: pole mama, nani, hakufa mtu, kaa nikueleze. Hajawahi mtu kuitisha mkutano wa hadhara bila kibali kwa urahisi namna ile. Mgambo walimfuata siku mbili. Lakini utamkamata mwanamke kwa kosa gani, la kujibu salamu?

"Mama Reverien, funga kichwa," Venanti alimsihi. "Watu wanacheka."

"Wanamcheka nani?"

Venanti alijua ni nani. Wateja wake wa baiskeli walikuwa wanamuuliza kila asubuhi mama yake ameamkaje huko ahera.

Wiki ya tatu Zena alikuja nyumbani jioni, ana kifurushi. Ndani yake mlikuwa na wigi jipya, la gharama, la nywele ndefu zilizolala. Hakumtazama Generosa machoni. "Bosi anasema uvae. Anasema yaliyopita si ndwele. Na anasema... nafasi ya chai bado haijajazwa. Anaweza kuiangalia upya. Ila uvae."

Generosa alilishika lile wigi, akalipima kwa kiganja. Kazi ile alikuwa anaihitaji. Ada ya Reverien ilikuwa inasubiri, na mahindi yalikuwa chini ya nusu gunia. Zena aliliona gunia hilo, limekunjwa mdomo, kwenye kona.

"Mwambie," alisema Generosa, akimrudishia, "alivae yeye. Kipara chake kinaonekana kutoka mbali."

Zena alicheka kabla hajajizuia. Akaondoka akiwa ameziba mdomo.

Kesho yake asubuhi Generosa alikwenda kwenye kibanda cha Zuhra, kilichokuwa kimefunguliwa tangu mgeni aondoke. Akakaa kwenye kiti. Zuhra alipitisha kiganja juu ya kichwa chake, akatabasamu: kidonda kilikuwa kimekauka, na vinyweleo vilianza kuchoma mkono, vyeusi, vigumu, vya kwake mwenyewe.

"Zinaota, shoga! Miezi miwili tu nitakusuka vizuri. Nikuwekee mafuta gani?"

"Usiweke mafuta," alisema Generosa. "Leta wembe."

Zuhra alimtazama kwenye kioo muda mrefu. Kisha akavunja wembe mpya, akalowesha sabuni. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri zamu kwenye benchi, mwenye lafudhi ya Kibondo na mzigo miguuni, alijiinua kidogo kwa heshima.

"Jamani, pole mama. Nani tena?"

Generosa hakugeuza kichwa, kwa maana wembe ulikuwa umeshaanza kazi.

"Hakufa mtu," alisema. "Basi lako linaondoka saa ngapi?"